Pundamilia wa mabawa ya mita tatu

Msafiri anayetoka Karatu kwenda Serengeti hupanda msitu hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, na kando ya barabara hukuta mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Wengi huwa na haraka ya kupiga picha ya kreta, wakaupita. Hapo amelala Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki Januari 10, 1959 akiwa na miaka 24. Pembeni yake yapo majivu ya baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliyefariki mwaka 1987.

Baba na mwana walikuja Serengeti na ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa milia ya pundamilia kuanzia puani hadi mkiani. Wakaitumia kuhesabu nyumbu, swala na pundamilia kutoka angani. Namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Filamu waliyoitengeneza kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na Michael hakuwapo kuiona siku hiyo. Alikuwa peke yake angani ndege ilipogongana na tai. Bawa la kulia likaumia, nyaya za kuongozea zikakwama, ndege ikapiga mbizi.

Ndege hiyohiyo, kwa kipimo cha robo, imenichukua miezi tisa ya jioni na Jumamosi katika karakana ya mzee mmoja, jirani yangu hapa kusini mwa Ujerumani. Yeye ni fundi mstaafu. Mimi ni mtoto wa Arusha niliyeletwa huku na kazi. Kwa Wajerumani wanaopenda ndege za mfano, Do 27 ni kipenzi cha siku nyingi: ndiyo ndege ya kwanza kuundwa kwa wingi nchini mwao baada ya Vita Kuu ya Pili, walipokuwa wameruhusiwa tena kuunda ndege katikati ya miaka ya 1950. Mzee akiiona anakumbuka utoto wake. Mimi nikiiona nakumbuka ile piramidi ya mawe. Kwa hiyo hatukubishana kuhusu rangi; milia tangu siku ya kwanza.

Nataka msomaji aelewe kwanza ukubwa wa kitu tunachokizungumzia, kwa sababu neno "mfano" hudanganya. Do 27 halisi ina mabawa ya mita 12 kutoka ncha hadi ncha, na urefu wa mita 9.6. Yetu ina mabawa ya mita 3 na urefu wa mita 2.4. Watu husikia "robo" wakadhani na uzito ni robo. Sivyo. Ukigawa urefu kwa 4, upana kwa 4 na kimo kwa 4, ujazo unakuwa umegawanywa kwa 64. Ndege halisi ikijaa huruhusiwa kufika kilo 1,850. Gawa kwa 64 unapata karibu kilo 29. Yetu, ikiwa na petroli tangini, ina kilo 20.

Kilo 20 zikienda kilomita 72 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida kwa ndege hii, zinagonga kwa nguvu sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ikiangushwa kutoka ghorofa ya sita. Mbele yake kuna propela, rafadha kama wasemavyo watu wa pwani, yenye upana wa sentimita 56. Injini ikivuta kwa mizunguko 6,500 kwa dakika, ncha ya propela hiyo hukimbia zaidi ya kilomita 680 kwa saa. Wageni uwanjani huiita mwanasesere, na kila mara nawasahihisha. Hii ni ndege, ila rubani wake amesimama chini.

Sheria nayo inaitazama hivyo. Ujerumani, ndege ya mfano ikizidi kilo 25 lazima yenyewe ikaguliwe na kupewa idhini, na kwa ndege yoyote ya mfano bima ni lazima. Marekani vyama vya wapenzi wa ndege kubwa huihesabu ndege yenye safu moja ya mabawa kuwa kubwa kuanzia inchi 80 za mabawa, yaani mita 2 na kidogo.

Kuunda kiunzi ndiyo kazi inayopendwa kusimuliwa, na kwa kweli ina raha yake: mbavu za mbao ya balsa, nyepesi kuliko mbao yoyote niliyowahi kushika, zikipangwa moja moja kwenye mhimili wa bawa, plaiwudi pale penye kubeba uzito, gundi ya epoksi inayotaka usiku mzima kukauka, kisha kitambaa kinachokazwa kwa pasi hadi kilie kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Lakini sijasikia ndege iliyoanguka kwa sababu mbavu zake zilikuwa mbaya kwa sura. Zinaanguka kwa sababu ya vitu vidogo visivyopigwa picha.

Kimojawapo ni ulegevu. Kwenye ukingo wa nyuma wa kila bawa, kuelekea nchani, kuna kibawa chenye bawaba kinachoilaza ndege kulia au kushoto. Mkiani kipo kingine kinachoinua na kushusha pua, na usukani wa wima unaoigeuza. Kila kimoja kinasukumwa na kijiti cha chuma kilichoungwa kwenye mota ndogo iitwayo sevo. Kijiti kikiwa na mchezo hata wa milimita moja kwenye kiungo chake, huoni kitu ndege ikiwa chini. Ikipata mwendo, hewa inakishika kibawa na kukitikisa. Aliyewahi kulala chini ya paa la bati lililolegea msumari mmoja wakati wa kusi anajua kinachofuata: kwanza linalia, kisha linapiga, kisha linang'oka. Kwenye ndege hatua zote tatu huisha ndani ya sekunde mbili. Ndiyo maana mzee alinifungulisha bawaba za bawa la kushoto mara mbili nikazirudia. Nilikasirika mara ya kwanza. Mara ya pili nilishika kibawa kwa vidole viwili, nikakitikisa mwenyewe, nikanyamaza.

Kingine ni umeme. Ndani ya ndege kuna kipokezi kinachosikiliza rimoti, na kipokezi bila umeme ni kiziwi. Tumeweka betri mbili, kila moja na swichi yake, ili moja ikifa nyingine ibebe. Kibawa cha mkia tumekigawa pande mbili, kila upande na sevo yake, ili moja ikigoma ndege ibaki na nusu ya uwezo wa kuinua pua. Betri na nyaya za kuwashia plagi ya injini tumezitenga mbali na kipokezi, zaidi ya sentimita 30, kwa kuwa cheche za plagi nazo hutoa mawimbi. Zamani, Ulaya ilipokuwa ikitumia mawimbi ya megahezi 35, watu wawili wakiwasha rimoti za chaneli moja ndege ilikuwa imekwisha, na kila uwanja ulikuwa na ubao wa kutundika vibanio vya chaneli. Rimoti za siku hizi za gigahezi 2.4 zimeiondoa hatari hiyo. Hazijaiondoa ya betri iliyosahaulika kuchajiwa.

Halafu mizani. Bawa letu lina upana wa sentimita 40 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ndege ikiinuliwa kwa ncha za vidole chini ya mabawa, inapaswa kutulia mlalo pale penye sentimita 10 hadi 12 kutoka ukingo wa mbele. Pua ikiwa nzito ndege huwa ngumu kuiongoza, lakini hurudi. Mkia ukiwa mzito hairudi. Mitambo na tangi vyote viko mbele, na bado tulikuta mkia unazidi; ikabidi tufunge chubwi za risasi, zilezile za mshipi wa mvuvi, nyuma ya injini. Na mizani hupimwa tangi likiwa tupu. Tangi liko mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo kadiri petroli inavyoliwa ndivyo pua inavyozidi kuwa nyepesi. Ndege iliyopimwa ikiwa imejaa huondoka vizuri, na taabu yake huanza wakati wa kutua.

Injini yenyewe haina siri kubwa. Ni ya sentimita za ujazo 60, ndogo kuliko ya bodaboda, na hunywa petroli iliyochanganywa na oili kama injini ya boti ya mvuvi au msumeno wa kukatia magogo.

Siri iko kwenye uangalifu wa mikono. Mwaka 2003 Maynard Hill, Mmarekani mzee ambaye macho yake yalikuwa yamekaribia kwisha, aliongoza kundi lililorusha ndege ya mfano ya chini ya kilo 5 kutoka Newfoundland, Kanada, hadi Ireland, ikivuka Atlantiki kwa karibu saa 39. Ndege zao za kabla ya hiyo hazikufika. Aliyeunda kwa kupapasa zaidi kuliko kuona alifika mbali kuliko wenye macho mazima, na sioni sababu nyingine ila kwamba vidole vyake havikupita juu ya skrubu bila kuiuliza.

Sasa nifike penye kiini cha makala hii. Watu hudhani ndege huundwa mara moja, kisha hurushwa. Ndege ya mabawa ya mita 3 haiingii kwenye gari. Kila Jumamosi tunaivunja: mabawa yanachomolewa kutoka kwenye bomba la alumini linalopita katikati ya mwili, nyaya zinachomolewa, bolti za mabawa zinafunguliwa. Kila tukifika uwanjani tunaiunda upya kwenye nyasi, na upepo unavuma, na watu wanasalimia, na kila mmoja ana hamu. Miezi tisa ya uangalifu mezani inaweza kufutwa na dakika kumi za nyasini.

Nilijua hivyo kwa nadharia. Nikajua kwa mwili Jumamosi yetu ya nne. Nilichomeka nyaya za bawa la kulia nikiwa naongea na kijana mmoja aliyetaka kujua habari za Kilimanjaro. Nyaya ni mbili kila upande, ya kibawa cha kulaza na ya flapi, ile sehemu kubwa ya bawa inayoshushwa wakati wa kutua ili ndege iende polepole bila kuanguka. Ya kibawa niliichomeka. Ya flapi niliiacha inaning'inia ndani. Nikafunga bolti, nikaweka kifuniko, nikasema tayari.

Mzee ana kanuni moja: aliyeunganisha hakagui. Alisimama nyuma ya mkia, akanipa rimoti, akataja kila kiungo kwa sauti na mimi nikakisogeza. Flapi. Ya kushoto ikashuka. Ya kulia ikabaki pale pale. Hakusema neno. Alifungua kifuniko, akachomeka waya, akaanza ukaguzi upya kutoka mwanzo, si kutoka pale tulipokuwa tumefika. Kama tungeruka hivyo, ningeshusha flapi wakati wa kutua, kwenye kimo cha mita 15, bawa moja likabeba kuliko jingine, na ndege ikajipindua mgongo chini mbele ya watu waliokuwa wamekaa na watoto wao. Usiku ule sikulala vizuri. Tangu hapo mtu akinisemesha nikiwa na waya mkononi, naweka waya chini, namjibu, kisha naanza bawa hilo upya.

Ukaguzi wenyewe unakwenda hivi. Tunasimama nyuma ya ndege, tukitazama inakotazama. Kijiti cha rimoti kikienda kulia, kibawa cha kulia kinainuka na cha kushoto kinashuka. Hapa ndipo wengi wamepoteza ndege, kwa sababu jicho huridhika likiona kitu kinasogea, halijiulizi kinasogea upande upi. Kijiti kikivutwa nyuma, kibawa cha mkia kinainuka. Usukani wa wima unafuata mkono. Kisha tunashika mabawa kwa ncha na kuyatikisa, tunavuta kila kijiti cha chuma, tunakaza propela, tunasoma nguvu ya betri zote mbili huku sevo zikifanya kazi, maana betri mbovu husoma vizuri ikiwa imepumzika.

Baadaye tunapima masafa. Rimoti inapunguzwa nguvu kwa kitufe maalumu, nami natembea hatua 30 huku mzee akitazama kama vibawa bado vinatii bila kusitasita. Tunafanya mara mbili, injini ikiwa imezimwa na injini ikiwa inanguruma. Mwisho, ndege ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye nguzo, nazima rimoti kabisa. Injini lazima izime yenyewe. Ndege iliyopoteza mawasiliano na bado ina nguvu inaweza kusafiri kilomita kadhaa hadi kijiji cha watu. Iliyozima hushuka karibu. Nimeona marubani wazoefu wakiruka hatua hii kwa kuwa waliipima mwaka jana. Siwaelewi.

Wakati wa kuwasha injini, ndege hufungwa na mtu mwingine huishika mkia. Hakuna anayesimama mbele ya propela wala usawa wa mzunguko wake. Likikatika panga moja, huruka upande. Ukitaka kurekebisha kabureta, unazunguka kupitia nyuma ya bawa, hata kama ni mbali na una haraka.

Kuruka kwenyewe, kwa ndege iliyokaguliwa, ni kutulivu kuliko nilivyotarajia. Unaielekeza kwenye upepo, unaongeza nguvu taratibu, na mkono wa kushoto unausukuma usukani kulia kwa sababu propela huivuta pua kushoto. Mkia unainuka, mita chache tu, na Do 27 iko hewani. Ndege halisi nayo ilisifika kwa kuhitaji uwanja mfupi, na ndiyo maana Grzimek na mwanawe waliweza kutua nayo katikati ya mbuga. Unapanda kwa mwinuko mpole. Kimo ni akiba: kosa lililofanywa mita 80 juu lina nafasi ya kusahihishwa.

Jambo la kuogopwa ni jicho lako. Tunapima mwendo wa kitu kwa urefu wake. Ndege ndogo ya sentimita 80 ikienda mita 20 kwa sekunde hupita urefu wake mara 25 kila sekunde, na unaiona inakimbia. Yetu, kwa mwendo uleule, hupita urefu wake mara 8 tu, na unaiona inaelea. Mgeni huzoea kuiona inaelea, asijue ni lini mwendo umepungua kweli, au akiiona inapelekwa na upepo wa nyuma huidhania inakimbia mno, akapunguza nguvu. Bawa hubeba kwa sababu hewa inapita juu yake. Mwendo ukipungua mno, hewa huachana na bawa, upande mmoja hudondoka, na kilo 20 zinageuka kuwa ile ndoo ya ghorofa ya sita. Kwa hiyo tunatua tukiwa bado na nguvu kidogo kwenye injini, na pua haiinuliwi mpaka magurudumu yamekaribia nyasi.

Marubani wote husimama mstari mmoja, bega kwa bega, na hakuna ndege inayopita nyuma ya mstari huo, waliko watazamaji na magari. Kando ya kila rubani wa ndege kubwa husimama mtu wa pili, asiyeshika kitu, anayetazama anga yote: ndege za wenzetu, ndege halisi, na ndege wa angani. Ndege yenye watu ikionekana, sisi tunashuka, hakuna mjadala. Mzee hupenda kuniambia mwewe wa kwao ni wakali wa maeneo yao wakati wa kuatamia. Mimi akinitajia ndege wa angani hukumbuka tai wa Januari 1959, na mkono wangu hujikaza kwenye rimoti.

Nimeulizwa na ndugu zangu nyumbani kama kitu hiki kinawezekana Arusha au Nairobi. Kinawezekana. Mbao, gundi na subira vipo, na mafundi wa injini ndogo tunao kila mtaa. Lakini vyombo vinavyoongozwa kutoka chini viko kwenye mikono ya mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya, na kibali hutangulia kuruka. Ndani ya hifadhi za taifa haviruhusiwi bila idhini, kwa hiyo hata pundamilia wetu hawezi kwenda tu kuruka Serengeti kwa heshima ya Grzimek na mwanawe. Anayeanza aanze na ndege ndogo ya povu ya mabawa ya mita moja, akiwa na mwalimu mwenye rimoti ya pili. Ndege kubwa ije mwaka wa tatu au wa nne.

Na wewe usiye na nia ya kuunda chochote, siku ukikuta mtu uwanjani ana ndege kama hii na amezungukwa na nyaya, msalimie kwa mkono kutoka mbali. Simama nyuma ya mstari wa marubani, shika mtoto wako mkono, na maswali yako yaweke mpaka ndege itue na propela isimame. Atakujibu yote.